Pakacha la Bi Mize

Nyinyi vijana mnaoziba pua mkipita penye samadi, nisikilizeni. Juzi mjukuu wangu kaniletea vijiua vyekundu, kavitia kwenye gilasi.

Nilipokuwa mdogo, vijiua hivyo vilijaa kwenye mtama wetu kule kijijini Fumba. Mtama ulinyauka na huku mvua inanyesha. Wa jirani yetu Bi Mize ulikuwa kijani. Alasiri moja nilimwona kabeba pakacha linalonuka, nikamwambia mama, "Anazika kitu shambani."

Mama alimfuata mpakani. "Mchawi wewe, umeuhamishia mtama wetu kwako."

"Hivyo vijiua ni kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mtama," alijibu Bi Mize. "King'oeni, mtie samadi ya ng'ombe kama mimi."

"Kaile mwenyewe samadi yako."

Kijiji kizima kilimsusa hata akahama. Leo najua kwamba ardhi iliyoshiba samadi hukidhoofisha kiduha. Na mbegu zake nilikuwa nikizipukutisha mimi shambani, nikichezea maua.

Nilimpokonya mjukuu gilasi. "Vichome hivi. Kisha peleka samadi shambani, na jirani akiuliza umebeba nini, lifunue pakacha aone."