Hodi ya Kijitoni

Ningesema tu, "Shefu, hapa mwanaume hapiti bila hodi." Mkaguzi wa uvuvi aliweka kidole mdomoni, nami nikamwongoza hadi kijitoni.

Nilikuwa na diploma yangu ya sekondari na mvi za kwanza, bila cheo chochote. Leta, kama tunavyoiita serikali, ilipotafuta mtu wa kusimamia uvuvi na mabwawa ya samaki upande wa Lusangi, nilichukuliwa kwa majaribio, nikavishwa koti lenye nembo. Siku hiyo mkaguzi alikuja kwa pikipiki kutoka Kasongo kuona kama ninafaa.

Sheria ilikataza kuziba vijito. Lakini kwetu, kiangazi kikikolea, wanawake huziba kijito kwa miti na udongo, kisha huchota maji ya upande wa chini kwa mabeseni mpaka kambale wabaki matopeni. Ni kazi yao peke yao, na nguo huachwa ukingoni. Mwanaume akitaka kupita huita hodi toka mbali, na husimama hadi ajibiwe.

"Ukiita, watakimbia," mkaguzi alininong'oneza. "Ao unaogopa bibi yako?"

"Hapana, shefu. Yaya yangu ndiye iko mukubwa wao."

"Basi leo tutaona kama weye ni mutu wa Leta ao mutu wa yaya."

Tulitambaa hadi juu ya ule ukuta wa udongo. Chini yetu walikuwa wanacheka.

"Kamata kichwa, si mukia! Unamushika kambale kama vile unamubembeleza mume?"

Ilikuwa sauti ya dada yangu mkubwa, ndiye yaya kwetu, aliyenilea tangu mama afe. Sikumwona. Nilijua alipo: tundu la chini kabisa, miguuni mwa ukuta, ambako kambale wakubwa hujificha. Kila mwaka alilala kifudifudi pale, mkono ndani hadi begani. Hakuwaachia wengine tundu lile.

Mkaguzi alishika mti wa katikati, ule ulioushikilia ukuta. Nilimtazama akiutikisa. Udongo ulianza kumomonyoka, na bado sikuwa nimeita. Akauvuta.

"Hodi!" niliita. Maji yalikuwa yameshatangulia.

Wengine walirukia ukingoni. Yaya gogo la ukuta lilimwangukia nyongani. Walipomtoa, wakamfunika kitenge, aliliangalia koti langu, kisha uso wangu.

"Kumbe sauti uko nayo," alisema.

Mkaguzi aliondoka bila kushuka kijitoni. Baadaye nilithibitishwa kazini, na nilizunguka mabwawa hadi Wamaza mpaka nembo ya koti ikafutika. Yaya alitembea kwa fimbo maisha yake yote yaliyobaki. Mara nyingi nilisimama nje ya ua wake nikaita hodi. Nilisikia mchi ukinyamaza kinuni, kisha ukaanza tena. Hakuna aliyesema karibu.

Alikufa hivyo. Nilipata kazi, nikampoteza dada yangu akiwa bado hai.