Siku Gwakisa Alipopika Mwenyewe

Dada Justa hajui kutulia. Polio ilimpooza miguu akiwa na miaka mitatu, lakini mikono na mdomo vinafanya kazi ya watu sita. Alipanga nyumba hapa Tukuyu, akavunja ngazi za mlangoni na kuweka mteremko wa saruji, akashusha meko yafikike ukiwa umekaa, akasema hiki ni kituo. Mwenye ulemavu anakaa wiki nne, anajifunza kujipikia, kufua, kwenda sokoni mwenyewe. Mimi Jenifer ndiye msaidizi wake, na jamani, ananichosha! Hakujapambazuka vizuri, kiti chake cha magurudumu kinalia kwi kwi kwenye korido. Anakagua ndoo, anakagua jiko, ananikagua na mimi.

Wa kwanza kuja alikuwa Gwakisa wa kijiji cha Matwebe, haoni tangu kuzaliwa. Ana miaka thelathini na moja na hakuwahi hata kumenya ndizi. Mama yake alimleta amenuna.

"Akiumia tu, naondoka naye," alisema. "Na hicho kituo chenu mkifunge."

Tulijua hatanii. Wazazi wengine walikuwa wanamtazama yeye. Akimtoa mwanawe, hakuna atakayetuletea wa kwake.

Siku ya Gwakisa kupika bila msaada, mama akaja tena. Tukamwomba abaki nje barazani. Justa naye alitakiwa akae kimya. Thubutu!

"Geuza kisu. Siyo huko! Sufuria iko kushoto, Gwakisa, kushoto! Lete nikushikie."

Nilitamani kumfunga kitambaa mdomoni. Gwakisa akababaika, mkono ukagusa sufuria ya moto.

"Ai!"

Justa akakimbiza kiti kumfuata. Gwakisa akatumbukiza vidole kwenye ndoo ya maji, akamgeukia.

"Dada Justa, naomba na wewe utoke."

Alitoka analia waziwazi, nami nikamfuata hadi barazani; yeye hakujali hata mvua iliyokuwa inanyesha, akapita baraza mpaka uani. Mama Gwakisa alikuwa amesikia kila kitu. Nikajua yamekwisha, anaingia kumchukua mtoto wake. Akashika kitasa, akasimama. Kisha akakiachia, akafungua mwavuli, akaenda kumkinga Justa.

"Umeona hofu ya kumwachia inavyouma?" alimwambia. "Mimi nimekaa nayo tangu nimzae."

Wakabaki hapo wawili kwenye mvua, wanasikiliza vyombo vinagongana ndani. Hakuna aliyeingia mpaka Gwakisa alipoita kwamba chakula kiko tayari.