Dawa ya Tatu

Niliondoka kijijini Kasoli, wilayani Bariadi, nikiwa kibarua wa kupalilia pamba za watu. Nilirudi Bariadi mjini na stashahada ya famasia, nikajenga duka la dawa bila msaada wa mtu. Ndiyo maana binti wa dada yangu, wa miaka kumi na saba, alipogundulika na saratani ya mfupa isiyowapata wengi, ukoo uliniita mimi.

Hospitali ya rufaa ilikuwa na utafiti wa kuwapa vijana wenye saratani adimu dawa mbili kwa pamoja. Nyumbani niliueleza vizuri kuliko daktari yeyote.

“Funza wa pamba akizoea dawa moja, si mnachanganya mbili kwenye bomba la kupulizia? Mbili zinashinda moja.”

Wote walitikisa vichwa kukubali. Mama yangu alitikisa zaidi.

Siku ya kujaza fomu ya kujiunga na utafiti, tulikwenda na mama na dada; muuguzi aliuliza kama mgonjwa anatumia dawa nyingine.

“Hakuna,” nikajibu. “Huyu ametoka kwenye nyumba ya msomi.”

“Ipo,” binti akasema. “Bibi ananichemshia mizizi, asubuhi na jioni.”

Nilimgeukia mama. Hakuwa na wasiwasi wowote.

“Si ulisema mbili zinashinda moja? Nikaongeza ya tatu.”

Muuguzi aliinamia karatasi zake kuficha kicheko, kisha akamwambia mama taratibu, kwa Kisukuma cha heshima, “Mayu, mizizi inaweza kuumiza ini, na hatutajua dawa ipi imefanya nini. Aache wiki mbili, tupime damu. Ini likiwa halifai, hatutampokea.”

Njiani nilimgombeza binti. “Ungenyamaza, leo tungekuwa tumemaliza.”

“Mjomba, ile fomu uliisoma? Hawajasema mbili zinashinda. Wanataka kujua kama zinashinda. Nikidanganya, atakayeugua baada yangu atapewa jibu la uongo.”

Mimi niliisoma ya Kiingereza, mara mbili. Yeye aliisoma ya Kiswahili, mara moja.

Zile wiki mbili mama alikifunika chungu chake, wala hakukigusa. Mimi nilihesabu siku kuliko mgonjwa mwenyewe. Damu ikapimwa, ini likawa zima, akapokelewa. Dada yangu alitia saini kama mzazi, na binti akaandika jina lake chini, kwa mwandiko ulionyooka kuliko wangu.

Nilimwomba binti nakala ya fomu niitundike dukani, kando ya stashahada yangu.

“Hapana, mjomba,” akasema. “Hiyo ni siri ya mgonjwa. Hilo nalo limeandikwa.”