Pantalo ya Mukwe Wangu

Mimi nimezoea kusema wengine, na mungeniuliza mwaka jana ningewaambia kwamba kuona haya ni kwa watoto, muntu muzima anayejua njia yake hana cha kuonea haya. Sasa ninapita sokoni nimevuta kitambaa mpaka machoni. Basi niwaeleze mwenyewe, maana mukisikia kwa wamama wa mutaa wetu wataongeza chumvi, na chumvi munganga amenikataza.

Ilianza na kichwa. Kila asubuhi kilikuwa kinanigonga kama kuna muntu anatwanga majani ya sombe ndani yake, usiku sipati usingizi, nikisimama nyumba inazunguka, na nikawa wa kukasirika hata kuku akipita. Nikaenda kituo cha afya. Munganga, kijana mwenye sauti ya pole, akanifunga kile kitambaa cha kupima tansiyo ya damu mukononi, akapima, akapima tena, akaniangalia.

"Mama, tansiyo iko juu sana. Chumvi upunguze, dawa hizi umeze, na utembee. Kila asubuhi, mpaka jasho litoke."

"Kutembea ninatembea. Sokoni na miguu, shambani na miguu."

"Na beseni kichwani na hasira rohoni, Mama. Mimi nasema utembee bila kubeba kitu. Tafuta wale wamama wanaofanya spoti, ucheke nao kidogo."

Sasa hapo njo palikuwa na shida, sababu wamama wa spoti nilikuwa ninawajua vizuri, nilikuwa ninawatukana. Mapema wanapita barabarani na pantalo, suruali kama za wanaume, wanaimba, wanapiga makofi, makalio yanacheza mbele ya waume za watu! Kanisani mimi njo ninafundisha wamama vijana namna ya kuvaa na kujiheshimu, na nilishasema mbele ya wote kwamba mwanamuke anayekimbia barabarani bila kufukuzwa na kitu amekosa kazi.

Halafu kulikuwa na Feza. Feza ni muke wa mutoto wangu Kabwe, tunaishi wote katika lupango mumoja, kiwanja kimoja chenye ukuta, na kwa kuwa Kabwe anasafiri na boti za mizigo kwenda Moba, nyumbani tunabaki sisi wawili na wajukuu. Mwaka huo Feza alizika mutoto, mutoto wa kiume, hata meno hayajatoka. Matanga yakaisha, yeye akabaki kimya. Anapika, hali. Anafua, haimbi. Siku moja nikamuona anaingia asubuhi, amevaa pantalo ya buluu, miguu imejaa muchanga, na uso una kicheko kidogo. Nikamuuliza anatoka wapi.

"Spoti, Mama. Inanisaidia."

"Kaburi halijakauka na wewe unaruka-ruka?"

Njo nilivyomuambia, hivyo hivyo. Nikamunyang'anya ile pantalo, nikaifungia katika sanduku langu, nikamuambia mwanamuke mwenye uchungu anakaa ndani. (Mimi nilikaa ndani wakati wangu, sikuona kwa nini yeye asikae.) Hakubisha. Akarudi katika kimya chake, akakonda, mpaka Kabwe akawa ananiuliza kwa simu, "Mama, muke wangu anakula?" na mimi ninajibu, "Anakula." Hakuwa anakula.

Basi munganga aliponituma kutembea, muntu mwenye akili angerudi nyumbani na kusema, jamani, nimetumwa kutembea. Mimi nikaamua kuficha. Kosa lenyewe ni hilo, dogo hivi, na mengine yote yalitoka humo. Nyumbani nikasema nimeanza kuenda misa ya asubuhi. Nikafungua sanduku, nikatoa pantalo ya Feza (ina lastiki kiunoni, inaingia kwa muntu yeyote), nikaivaa chini ya liputa, kitenge changu cha kujifunga kiunoni, nikatembea mpaka ng'ambo ya muto Lukuga, ambako kuna kundi lingine la wamama na hakuna anayenijua. Nilipovuka daraja nikafungua liputa, nikalikunja, nikalifunga kiunoni kama mukanda.

Kiongozi wao ni Mama Nyota, mwanamuke mupana anayeuza samaki wadogo wa ndagala, filimbi shingoni, na sauti ya kuita boti iliyo katikati ya ziwa. Akaniuliza jina.

"Mama Vero," nikasema. "Ninatoka Moba, nimekuja kumuona dada yangu." Sina dada.

Niseme ukweli, ilinifaa. Mwanzo nilidhani nitakufa, magoti yananililia, lakini wale wamama wana sheria yao kwamba muntu haachwi nyuma, basi wa mbele wanarudi kumuchukua wa mwisho, wanamuzunguka wakiimba, na wewe unajikuta unacheka na pumzi huna. Kichwa kikaacha kunigonga. Usiku nikawa ninalala kama mutoto aliyeshiba. Na siku moja tulipopita pale ziwa lilipokula barabara ya chini, wanaimba wimbo wa polepole, nikasikia uso umelowa, nikadhani ni jasho. Kumbe ninalia. Ninalia watoto wangu wawili niliowazika nikiwa na umri wa Feza, nikafungiwa ndani na mama mukwe wangu mpaka machozi yakanikauka bila kutoka. Hakuna aliyeniuliza kitu. Mama Nyota akanipa ncha ya kitambaa chake nijipanguse, tukaendelea kukimbia.

Mutafikiri nilirudi nyumbani nikamuita Feza tukaongea. Hapana. Nilirudi, nikavaa liputa langu, nikamuuliza kwa nini lupango haujafagiwa.

Jumamosi moja Mama Nyota akapiga filimbi kabla hatujaanza. "Leo hatufuati ziwa. Leo tunaenda kuchukua mwenzetu. Wa zamani munamukumbuka, yule wa ng'ambo ya pili, aliyekuwa anakimbia huku analia, aliyezika mutoto. Mama mukwe wake amemufungia ndani."

"Amemufungia?"

"Amemunyang'anya mpaka nguo! Nimemukuta sokoni juzi, amebaki mifupa. Ninamuuliza, anasema tu, 'Mama hataki.'"

Na mimi, wapendwa, mimi mwenyewe, na ile pantalo mwilini, nikasema kwa sauti kubwa: "Wamama wakwe wengine ni wachawi kabisa!"

Musinione mujinga. Hadithi hiyo haikufanana na yangu hata kidogo. Katika yangu, mimi nilikuwa ninamulinda mutoto wa watu asisemwe vibaya na mutaa. Katika hadithi ya Mama Nyota kulikuwa na mwanamuke mubaya, na mimi yule mwanamuke nilimuchukia kweli kweli.

Wakatunga wimbo palepale. Mama Nyota anaita, "Mama mukwe, fungua!" sisi tunajibu, "Fungua!" Yeye anasema, "Roho yako ni jiwe!" sisi tunajibu, "Ni jiwe, ni jiwe!" Na mimi nikawa ninajibu kuliko wote, mpaka yeye mwenyewe akafurahi. "Mama Vero, kumbe una sauti! Pita mbele!" Nikapita mbele.

Tukavuka daraja tukiimba, tukapita stesheni ya treni, watu wanatoka milangoni kutuangalia, na mimi nikaona tunazidi kuelekea kwetu. Nikauliza, "Huyo tunayemufuata anaitwa nani?"

"Feza," akasema Mama Nyota. "Muke wa Kabwe wa boti."

Miguu ikasimama yenyewe. Nikashika goti. "Uuu, goti langu! Endeni tu, mimi nitarudi polepole."

"Mama Vero, sisi hatuachi muntu!" Wawili wakanishika mikono, mumoja huku, mumoja kule.

"Lakini goti..."

"Tutakubeba!"

Na wakanibeba kweli, vidole vinagusa chini tu. Nikataka kuvuta liputa nijifunike kichwa, likanitoka, likaanguka barabarani, mwenzetu aliye nyuma akaliokota na kulipeperusha juu kama bendera. Watoto wa mutaa wakatuona. "Ni Kambo, bibi wa kwa Kabwe! Kambo amevaa pantalo!" Wenzangu hawakuelewa, walidhani watoto wanacheza, wakaongeza wimbo.

Sasa musikie kilichokuwa kinaningoja. Ndani ya lupango, kwenye viti vyangu, walikuwa wamekaa wamama watatu wa kanisa na maputa yao ya kundi, wamekuja kuniangalia, sababu walisikia ninaenda misa kila asubuhi na wao kwenye misa hawanioni, wakafikiri ugonjwa umenishika kichwa. Feza amesimama mbele yao na sinia ya chai. Tulipofika mulangoni nikamusikia Mama Prezida, mukubwa wa kundi letu la kanisa, anamuuliza, "Misa gani hiyo anayoenda, mwanangu?"

Mulango ukasukumwa. "Roho yako ni jiwe!" akaimba Mama Nyota, na jibu likatoka dogo, maana sauti kubwa ilikuwa yangu na mimi niliinyamazisha.

"Hodi hapa! Mama mukwe wa Feza yuko wapi? Atoke atuambie kwa nini amemufunga mutoto wa watu!"

Feza ananiangalia. Wamama wa kanisa wananiangalia, wanaanzia miguuni, wanapanda polepole.

"Mama Kabwe?" akasema Mama Prezida. "Ni wewe, njo wewe?"

"Huyu ni Mama Vero," akamujibu Mama Nyota. "Wa Moba."

"Vero gani? Huyu ni Mama Kabwe. Njo anatufundisha kuvaa!"

Wale wawili wakaniachia mikono pamoja, nikayumba. Nikatafuta pa kuweka mikono, pantalo haina pa kufichia mikono kama liputa. Mama Nyota ameshika filimbi yake, mudomo wazi.

"Njo mimi," nikasema. "Mama mukwe njo mimi."

Feza akaweka sinia chini. Hakucheka. Heri angecheka. Akasema na ile sauti yake ya chini, "Mama, hiyo pantalo ni yangu."

"Ni yako."

"Unaivaa kila asubuhi?"

"Kila asubuhi."

"Na inakusaidia?"

Aliniuliza vile munganga anauliza, alitaka kujua. Angenitukana ningemupa jibu, majibu ya matusi ninayo mengi. Nikaangalia chini, mbele ya watu wote hao, watoto wa mutaa wamepanda juu ya ukuta, nikasema, "Inanisaidia. Ninalala. Na nimelia wale wangu, Feza. Sikuwa nimewalia."

Nikaona nikikawia nitalia tena, na kulia mbele ya Mama Prezida ningeongeza haya juu ya haya, basi nikarudi kwenye ukali wangu: "Unasimama nini? Nenda nao! Wamekuja kukuchukua."

"Na chai ya wageni?"

"Mimi niko."

"Nitaenda na nini, Mama? Pantalo umeivaa wewe."

Hapo njo walicheka, wote, wa spoti na wa kanisa, Mama Prezida ameshika tumbo, watoto wanaanguka ukutani. Nikaingia ndani nikaivua, bado ina joto na jasho langu, nikamupitishia nyuma ya pazia kwa mukono tu, sababu liputa langu lilikuwa bado linapepea huko nje. Akaivaa hivyo hivyo. Nikasikia filimbi, nikasikia nyayo zinaondoka na wimbo (wimbo mwingine, Mungu awabariki), na mimi nikatoka na shuka kiunoni kumimina chai ya wamama watatu ambao walikuwa na maswali.

Mafundisho nilinyang'anywa mpaka nisimame mbele ya wamama vijana niwaeleze nilikokuwa wakati wa misa. Nilisimama kesho yake, Jumapili, nikaeleza. Walinisikiliza vizuri kuliko siku zote nilizowafundisha kuvaa.

Lakini siku yenyewe, Feza alirudi jua limepanda, muchanga mpaka magotini, macho mekundu. Alikaa karibu na moto. Nikamuwekea bukari, ugali wetu, na ndagala. Akala. Akamaliza, akasukuma sahani kidogo mbele, "Mama, imebaki?" Nikamuongezea, halafu nikageuka nikaanza kuosha sufuria iliyokuwa safi.

Sasa nina pantalo yangu, nyeusi na pana, na ninavaa liputa juu yake mpaka darajani, sababu haya haiishi upesi, hasa watoto wakinipita na "Mama Vero! Mama Vero!" Feza anatangulia, mimi ninafuata nyuma, hatuongei sana. Neno moja tu nimeapa: mwanamuke akija mbele yangu na uchungu wake, sitamuambia tena pa kukaa nao. Nitamuuliza kama amelala, nitamuuliza kama amekula, halafu nitafunga mudomo. Na huo mudomo, wanaonijua wanajua, kuufunga kunanitoa jasho kuliko kukimbia.