Mgonjwa Aliyepita Nje

Muuguzi amempangusa mama mkono kwa pamba yenye spiriti, na harufu ile imenirudisha Nizwa, kule Uarabuni, kwenye chumba cha daktari chenye feni iliyokuwa ikilia.

Tulikuwa tumehamia kutoka Unguja. Baba alikuwa hajapata kazi, na Kiarabu cha mama kilikuwa cha kuombea dua tu, lakini Kiingereza alikisoma skuli. Basi akavaa buibui lake zuri, akanishika mkono, tukaenda hospitali akaombe kazi ya kusaidia wauguzi.

Daktari, Mhindi wa makamo, akamwuliza, "What will you do if a patient passes out?"

Mama aliyajua maneno yote, moja moja. "Pass" ni kupita, "out" ni nje; akaelewa kwamba anaulizwa atafanya nini mgonjwa akipita mlangoni, akatoka nje. Akajibu bila ya wasiwasi, "I will run after him and bring him back." Yaani atamkimbilia, amrudishe.

Daktari alicheka mpaka akavua miwani. Akamweleza kwa upole kwamba maneno yale mawili yakikaa pamoja, maana yake ni kuzirai. Mama akainamisha uso.

"Lakini umejibu sawa," daktari akasema. "Mtu akizirai, kazi yetu ni kumrudisha. Njoo Jumamosi uanze."

Njiani, kando ya falaji, ule mfereji wa maji ya mashamba, mama akasimama.

"Mwanangu, mtu akizirai, hupita nje ya nini?"

"Sijui, Mama."

"Hata mimi sijui," akasema. "Lakini nitamfuata hivyo hivyo."