Mvule Uliokataa Mara Tatu

Juzi kule Gombani kijana mmoja muuza makabati aliniapia kuwa mbao zake ni mvule wa msitu wa Ngezi. Nikagonga, nikagonga tena kwa uhakika, nikamwambia, "Mwanangu, mimi nimelelewa chini ya mvule. Huu msonobari umepakwa rangi." Akacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu alinikumbusha mti ulioniharibia gauni nikiwa na miaka minane.

Kiambo chetu kilikuwa nyuma ya Msuka, pale muhogo unapokoma na msitu unapoanza. Mvule wetu ulisimama ukingoni hasa, miguu yake kwenye udongo usiokauka hata kiangazi. Nilipanga watoto saba washikane mikono kuuzunguka, wakapungua. Nikapanga tena, wakatakiwa wanane. Jioni popo walikuja kula matunda yake, yale ya kijani mfano wa viwavi, wakigombana na kutuangushia makombo mpaka kwenye chungu cha pweza. Bibi aliyatoa kwa upawa, akaendelea kupika kana kwamba ametia chumvi.

Basi seremala mmoja wa Tibirinzi, kule Chake, akamposa shangazi yangu, mdogo wake baba. Bibi akakubali kwa sharti moja. "Mwanangu haingii nyumba yenye mlango wa mwembe. Mvule uko kiamboni, kata." Shangazi aliambiwa, akanyamaza, na ule ukimya ukachukuliwa kuwa ni ndiyo. Mimi nikashonewa gauni la waridi la kuvaa harusini.

Lakini kwetu mvule haukatwi hivi hivi, huulizwa kwanza. Baada ya alasiri shoka huegemezwa shinani, ubani ukafukizwa, watu wakaondoka. Asubuhi likikutwa limesimama, mti umekubali. Likikutwa limelala, umekataa, na utaulizwa tena mwezi mwingine ukiandama. Ukikataa mara tatu, hakuna tena wa kuugusa.

Asubuhi ya kwanza shoka lilikuwa limelala. Wazee wakasema upepo. Mwezi wa pili limelala tena, na upepo haukuwapo. Seremala akarudi Chake na misumeno yake, na mimi nikalijaribu gauni: lilikuwa limepanda juu ya magoti. Watu wazima walizungumza juu ya mizimu, na hakuna hata mmoja aliyefikiri kwamba mtoto anakua.

Mara ya tatu nikaamua kulilinda shoka mwenyewe. Nilipotoka chuoni kusoma Kurani nilijibanza nyuma ya mzizi. Jua halijazama, akaja shangazi na mzigo wa kuni kichwani. Akaushusha, akalishika shoka kwa mikono miwili, akalilaza chini taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto mchanga.

Nikatoka. "Kumbe ni wewe."

Hakushtuka. "Ndiyo mimi. Utasema?"

"Gauni langu limekuwa fupi, shangazi."

"Yule bwana ana wake wawili, wewe wajua?"

Nikahesabu. "Wewe wa tatu."

"Wa tatu, na mlango mzuri." Akajitwika kuni zake. "Mti wameuuliza mwezi huu, na mwezi uliopita, na uliotangulia. Mimi nimeulizwa na nani?"

Mimi sikuwa mtoto wa kuondoka mikono mitupu. Nikamwambia sitasema, lakini anishushie pindo la gauni, na mkate wa kumimina wa Ijumaa, sehemu yake iwe yangu. Tukapatana nusu yake. Asubuhi bibi alilitazama shoka, akaguna, akasema, "Haya, mti umekataa." Seremala akachukua misumeno yake, posa ikavunjika. Baada ya mwaka shangazi aliolewa na mvuvi wa Msuka aliyekuja kumuuliza mwenyewe, nyumba yake mlango wa makuti.

Mvule ulikatwa nimeshakuwa mtu mzima. Walikuja watu na mashine asubuhi, adhuhuri umelala. Hakuna aliyeegemeza kitu wala kusubiri kuche. Siku hizi pale pana migomba, udongo umekauka, na popo sijui wamehamia wapi. Vijana wa kiamboni wakisikia habari za shoka hucheka ushirikina wetu, na mimi huudhika mpaka kikohozi kinanishika. Wacheke. Shangazi yangu alikuwa na miaka kumi na saba, na katika ukoo mzima hakupata pengine pa kusemea hapana ila pale shinani.