Kapteni wa Salaita

Ukifika Voi Jumamosi yoyote mwaka huu wa sabini na sita, utamwona yule mwongoza wageni akipakia Wazungu kwenye Landrova kwenda kuona palipopiganwa vita vya Mwingereza na Mjerumani, kaptula yake imepigwa pasi mpaka mikunjo ingechinja kuku. Makaburini Maktau huwaacha wasome majina wenyewe. Lakini kilimani Salaita, penye rundo la mawe alilolipanga kwa mikono yake, hurudisha jiwe lililoteleza, hukohoa mara mbili, na sauti yake huwa ya katekista. "Kofia chini, tafadhali. Hapa amelala kapteni."

Juzi Mzungu mmoja mzee alipekua kitabu chake. "Kapteni huyo hayumo humu."

Mwongozaji akaligusa rundo la mawe. Babu yake, mpagazi aliyefia hapo na gunia la unga wa askari kichwani, hakupata kaburi wala jina.

"Kitabu chako kiliandikwa na waliobebewa mizigo, bwana."

Mzee akakifunga, akavua kofia, kipara kikaiva juani.

Garini, Nzomo dereva akashindwa kujizuia. "Wewe! Babu yako alipata lini ukapteni?"

"Kila kofia ikivuliwa, anapanda cheo. Krismasi tutakuwa na jenerali."